Mtandao Haukuzima

Haya, wekeni simu chini kidogo, nisikilizeni. Kulikuwa na dada mmoja, karani kwenye ofisi ya wakili. Wakili anakwenda kuongea mahakamani, sawa, lakini anayeandaa makaratasi, anayeyatuma kwa mtandao wa mahakama, anayechunga tarehe zisipite, ni yeye. Na alikuwa mkali huyo dada! Ofisi nzima inamtegemea.

Sasa kulikuwa na mama mjane, mashemeji wamemshtaki, wanataka nyumba aliyoachiwa na marehemu. Majibu yake yakachapwa, yakasainiwa, yakakaa tayari kwenye kompyuta. Kilichobaki dada abonyeze yaende. Akasahau. Hakuumwa, hakufiwa. Alisahau tu, kama unavyosahau maharage jikoni mpaka jirani ndiye anasikia harufu.

Anakuja kushtuka, muda umeshapita. Na usipojibu, kesi inasikilizwa upande mmoja: mashemeji wataongea peke yao, mama atatolewa vyombo nje.

Nyie mngefanyaje? Msijibu, nawajua. Na yeye alifanya hichohicho. Akachapa hati ya kiapo, safi kabisa: siku ya mwisho ya kujibu, mtandao wa mahakama ulizima. Nani abishe? Si unazimaga? Bosi wake, yule wakili, akaamini. Ikabaki asaini, aape, waombe kuongezewa muda.

Siku ya kesi wako kwenye benchi, nje ya chumba cha mahakama. Dada anafungua faili, anafunga, anafungua tena. Yule mama akamsogelea, akamshika.

"Mwanangu, mbona hutulii? Mimi mwenye kesi nimelala fofofo. Nikajiambia, si yupo yule binti?"

Jamani! Bora angemtukana.

Bosi huyo, kalamu mkononi. "Lete nisaini, tunaitwa."

"Bosi, usisaini."

"Nini tena?"

"Mtandao haukuzima. Nilisahau mimi."

Bosi akaichukua ile hati, akaichana. "Binti, ungeniapisha uongo wewe." Akaingia ndani.

Akasimama. "Mheshimiwa, tumechelewa kwa uzembe wa ofisi yangu. Mama huyu hana kosa. Naomba asiadhibiwe kwa ajili yetu."

Hakimu akavua miwani. "Kwa hiyo wakili, leo mtandao haukuzima?"

Watu wote kicheko. Hata askari wa mlangoni.

"Haya, wasilisheni leo hii. Na msirudie."

Weee! Dada alishusha pumzi utafikiri katua gunia la mkaa. Mama anamvuta mkono, "Tumeshinda?"

"Bado, mama. Ila watakusikiliza."

Wametoka nje, wakili wa mashemeji akamfuata bosi, anacheka. "Msomi mwenzangu, umeniharibia siku! Mtandao gani uzime? Siku yenu ya mwisho mimi nilishinda natuma nyaraka zangu, zinaingia tu. Nilikuwa nakungoja uape umezima, nikumalize wewe na mama yako. Sasa umekiri uzembe mwenyewe, nikufanye nini?"

Dada akakaa chini palepale kwenye ngazi, akacheka huku analia.

Mmemsikia huyo wakili? Alikuwa hangoji kosa. Kosa analijua, tarehe si anaiona! Alikuwa anangoja uongo.

Ndivyo adui anavyotungoja sisi. Tumekosa, sawa, Mungu anajua, na pengine hata mkeo anajua. Lakini sisi tunakwenda kupiga magoti na kiapo tumeshakichapa: Bwana, ni marafiki, Bwana, ni maisha magumu, Bwana, mtandao. Tunamkabidhi adui kamba, tunamwekea na shingo. Na Mtetezi wetu yuko pale nje ya mlango, amekaa na sisi benchi moja, anangoja maneno mawili tu aingie nayo ndani: nilikosa mimi.

Wewe hapo nyuma unayecheka sana, hati ya kwako umeishika mkono gani? Ichane, ndugu yangu. Hujaitwa bado.