Kibibi na Chamchela Mwizi

Jongeeni niwape kisa, na anayesinzia afinywe.

Hapo kale aliishi Kibibi na mumewe Makame, mvivu kupindukia. Siku moja Chamchela, jini la kimbunga, likapita kwao likizunguka vuu! vuu! vuu! Likabeba paa, likabeba mbuzi, likambeba Makame na kitanda chake.

"Nirudishie mume wangu!" alilia Kibibi. Akalidaka mkia, akalizungusha kinyume. Mara ya kwanza likatema paa. Mara ya pili likatema mbuzi. Mara ya tatu likatema wanaume wawili: Makame juu ya kitanda chake, na mgeni ambaye Kibibi hakumjua.

"Nimebeba wengi, bibi," Chamchela likahema kwa kizunguzungu. "Chukua wako, uniache!"

"Mimi hapa, mke wangu!" aliita Makame, bado kalala kitandani.

Kibibi alikuwa akimtazama mgeni, ambaye alikwisha kupanda ukutani na kuanza kuezeka.

Makame akaruka, akamvuta mguu. "Shuka, bwana! Nyumba hii ina mwenyewe!"

Makame akapanda mwenyewe, akaezeka mpaka magharibi. Mgeni alikula, akaaga, na Kibibi akamsindikiza polepole sana.

Nami nikaondoka nikamwacha Makame juu ya paa, akichungulia.