Mdhamini wa Mlango wa Tatu

Kriii! Simu ya kampuni ya bima ililia usiku, na Meneja Shekue akameza maneno. Alikuwa akimshauri mwenye kampuni, Mama Mndolwa, amfukuze Chiku, mtunza kompyuta, akidai ndiye msaliti. Kwa mara ya tatu mwezi huo, mtu wa ndani alikuwa amemuuzia mwizi neno la siri.

Chiku akaipokea simu na kuiweka kwenye spika, wote wasikie.

"Mimi fundi wa makao makuu," ilisema sauti. "Nimeingia kwenye kompyuta zenu, ila nimekwama mlango wa pili wa ulinzi."

"Pole, kaka. Huo unadai namba inayotumwa kwenye simu ya bosi. Nitakusomea. Shida ni mlango wa tatu."

"Jamani! Hii kampuni au jela?"

"Bima, kaka. Wa tatu unataka mdhamini."

"Mdhamini?"

"Wewe umeona wapi ofisi inafungua kitu bila mdhamini? Hapa hata kopo la sukari lina fomu. Nitajie mtu wa ndani anayekujua, nijaze jina lake, na taarifa za wateja wote ni zako."

Meneja alipunga mikono kama anayefukuza nyuki, akamwonyesha Chiku akate simu, lakini hakuthubutu kutoa sauti.

"Mbona kimya, Shekue?" Mama Mndolwa alimnong'oneza.

Mlango wa tatu haukuwapo. Chiku alikuwa ameutunga palepale.

"Haya dada, andika," mwizi alisema, akivuta kila neno ili asikosewe. "Benedikto Shekue. Meneja."