Gurudumu la Mashavu

Duara hukua, tatu na ushei haikui.

"Babu, ushei gani tena huo?" vijana walimuuliza Mzee Ngwali.

"Kaeni. Methali hii ilizaliwa kwa wahunzi, na ilizaliwa hivi."

"Hakuna duara lililowahi kunidanganya!" mhunzi mmoja alimtambia Mashavu, mjane wa kaka yake. Marehemu aliacha kiwanda, na shemeji mtu alishakitolea macho. Mkuu wa wahunzi akakata shauri: kila mmoja avishe gurudumu kubwa la gari la ng'ombe pete ya chuma, kwa ukanda mmoja tu. Atakayefaulu, kiwanda chake. Na ukanda ukikatwa mfupi, basi. Kiraka kwenye gurudumu kilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Mashavu hakuwahi kuvisha gurudumu kubwa vile. Akachukua uzi, akapima upana wa kifuniko cha chungu, kisha akauzungusha ukingoni. Mara tatu na ushei. Akapima ungo. Tatu na ushei. Mdomo wa pipa, vilevile! Na ushei wenyewe, kila alipoupima, ulikuwa kama sehemu moja ya saba ya upana.

"Shemeji, umekuja kufua chuma au kupika?"

"Napika chuma, shemeji. Ngoja uonje."

"Hivyo ni vyombo vya jikoni! Gurudumu kubwa halijikunji sana. Mara tatu zinalitosha."

"Kilichokua ni gurudumu, shemeji. Hesabu haijakua."

Wakakata. Mashavu alikata tatu na ushei, akapunguza unene wa kidole, maana chuma hutanuka motoni. Pete ya shemeji haikukutana ncha: pengo la shubiri nzima, mbuzi angepitisha kichwa. Pete ya Mashavu iliingia ikiwa nyekundu. Ilipomwagiwa maji ikabana mpaka mbao zikalia. Wahunzi wakagonga nyundo kwa shangwe, naye akalivingirisha gurudumu lake hadi mlangoni pa kiwanda chake, kidevu juu.

"Ndiyo maana," alimaliza Mzee Ngwali, "ukiona mtu anababaishwa na ukubwa wa jambo, mwambie: duara hukua, tatu na ushei haikui."

"Na yule shemeji, babu?"

"Alihama kwa aibu. Hakuonekana tena."

Bibi Mashavu akachungulia kutoka kiwandani, nyundo mkononi.

"Hakuonekana? Mbona kakalia kigoda changu? Ngwali, inuka ukavukute mivukuto, moto unazimika!"