Vidole Vyeupe vya Bi Tumbawe

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama hamjala tangu juzi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu. Sogeeni motoni, maana haya si ya kusema kwa sauti, ingawa mji mzima wa chini ya maji unayajua.

Hapo zamani za kale, bahari ilipokuwa bado changa, palikuwa na bibi mmoja, Bi Tumbawe. Nyumba yake ya mawe, chumba juu ya chumba. Nguo yake, jamani! Rangi ya dhahabu, pembeni zambarau. Na kunenepa kanenepa, wala hakuna aliyewahi kumwona sokoni.

Jirani yake, samaki Pono, hupenda usingizi, lakini akiamka hakuna jambo linalompita. Akamwuliza, "Shoga, nani anakupikia? Nani anakutilia rangi nguo? Nani anakujengea?"

"Napika mwenyewe, natia rangi mwenyewe, najenga mwenyewe!"

Mwongo mkubwa! Katika chumba cha uani aliishi Mwani, mdogo kuliko punje ya ulezi, yeye na wanawe wasio idadi. Kutwa walikinga jua, wakalipika likawa chakula, wakamlisha bibi. Rangi ile ilikuwa yao. Hata nguvu za kujengea alizipata kwa chakula chao. Naye, tusimwonee, aliwapa kuta za kujificha wasiliwe na samaki. Ila wageni wakibisha hodi, aliwaambia, "Nyamazeni humo ndani!"

Mwaka mmoja jua likawaka, maji yakachemka kama uji. Jikoni kwa Mwani kukajaa moshi.

"Unaniunguza!" Bi Tumbawe akafoka.

"Bi mkubwa, si mimi, ni joto. Tuvumilie, litapita."

"Unaniunguza makusudi! Toka!" Akamnyooshea kidole. "Toka!" Akanyoosha cha pili. "Toka!" Akanyoosha vyote.

Mwani akabeba wanawe, akatoka mlangoni, maji yakamchukua.

Asubuhi Bi Tumbawe akajitazama. Lahaula! Mweupe pe, kuanzia utosini. Na kwao, kama kwetu, mwanamke aliyevaa nyeupe tupu akajifungia ndani ni mjane aliyekaa eda. Pono akamwona, akapiga ukelele: "Bi Tumbawe kafiwa!"

Mji mzima ukamiminika, Bi Chewa mbele, mdomo wazi kama kawaida yake.

"Pole, mwenzetu. Umefiwa na nani?"

Hapo angesema kweli yangekwisha. Lakini kibri! "Nimefiwa na mume," akasema, akajifuta chozi lisilokuwapo.

"Mume gani?" Pono akanong'ona. "Mbona pilau ya harusi hatukula?"

"Basi tutakula ya matanga," akajibu Bi Chewa, akakaa mkekani.

Siku ya kwanza wakauliza, "Mfiwa, chakula je?" Akasema, "Kinaiva." Siku ya pili wakauliza, "Mfiwa, chakula je?" Akasema, "Kinaiva," sauti imeshuka. Siku ya tatu hata kuinuka hakuweza. Magugu ya utelezi yalishapanda kizingiti. Bi Chewa akaingia jikoni, akatoka mbio.

"Jiko baridi! Huyu hana mume wala mchele! Pono, akifa, chumba cha juu changu."

"Cha juu changu! Mimi ndiye jirani!"

Bi Tumbawe akawasikia wakigawana nyumba yake, naye yumo, roho haijatoka. Akakusanya pumzi iliyobaki.

"Sikufiwa! Nimemfukuza mpishi wangu! Mwani ndiye aliyekuwa akipika!"

Kumbe Mwani alikuwa bado anaelea hapo nje, nusu ya wanawe wameshamezwa na dagaa. Akasema, "Sema tena, bi mkubwa. Waliokaa nyuma hawakusikia."

"Mwani ndiye aliyekuwa akipika!"

"Na rangi?"

"Na rangi ni yake! Hata nyumba nimeijenga kwa chakula chake! Mwanangu, rudi, nakufa."

Mwani akatazama maji, yameanza kupoa. Akatazama dagaa, wanamkodolea macho.

"Nitarudi," akasema. "Nitakaa mwili mzima. Ila kwenye vidole vile ulivyoninyooshea mlango, mimi na wanangu hatukanyagi."

Akaingia. Rangi ikarudi pole pole, mgongoni, mabegani, mikononi, ikafika kwenye vidole ikasimama.

Bi Chewa akakunja mkeka kwa hasira. Matanga gani haya, mfiwa hakufiwa na maiti kapona?

Siku hizi Bi Tumbawe akisifiwa nguo husema, "Tumepika, tumetia rangi, tumejenga." Husema kwa sauti ndogo, lakini husema. Nanyi maji yakipwa, nendeni mkamtazame: mwili wote rangi, ncha za vidole nyeupe.

Hadithi yangu nimeifikisha mwisho, naizima pamoja na moto huu. Na wewe unayelamba vidole hapo, umemwuliza aliyepika jina lake? Hebu vilete hivyo vidole nivione.