Bi Nungu na Daraja la Maziko

Paukwa!
— Pakawa!
Mmeitika kama mna mihogo mdomoni. Paukwa, nasema!
— Pakawa!
Haya, sasa mko macho. Watoto sogeeni mbele, wakubwa acheni kunong'ona.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakikaa mijini na kugombana kama majirani, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Nyasindefu. Mwenyekiti wa mji huo alikuwa Nungunungu. Wenyewe walimwita Bi Nungu. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, ana miiba mgongoni na maneno mdomoni. Lakini moyo! Moyo wake ulikuwa wa mji mzima.

Asubuhi, Bi Nungu yuko sokoni, anafagia. Fya! Fya! Fya! Jua likipanda, yuko kisimani, anazoa matope. Mchana, yuko kwa Kanga na mumewe, anaamua ugomvi. Anarudi kwake miiba imejaa majani makavu, kiuno kinamuuma.

Wanyama walimpenda? Walimpenda mno! "Bi Nungu, hongera!" "Bi Nungu, mama yetu!" Hongera zilimwagika kama mvua. Majembe ndiyo hayakuonekana.

Sasa, mji ule ulikuwa na mto. Ng'ambo ya mto palikuwa na shule, na mashamba, na makaburi ya wazee. Daraja lilikuwa limeoza. Kila mvua ikinyesha, gogo linaondoka. Ikinyesha tena, jingine linaondoka. Mwishowe likabaki gogo moja tu, linateleza kama bamia.

Siku moja mtoto wa Kalunguyeye alikuwa akivuka kwenda shule. Akateleza. Chubwi! Maji yakamzoa, yakamviringisha kama ndimu. Bi Nungu alikuwa karibu. Akajitupa mtoni, akamdaka kwa meno, akamtoa. Mtoto akatapika maji, akalia. Mama yake akaja mbio, akamkumbatia.

Bi Nungu akapiga mbiu. Mji wote ukaja.

"Ndugu zangu," akasema, huku bado anadondosha maji, "leo tumeponea chupuchupu. Tujenge daraja."

Ngiri akasimama. "Mwenyekiti, umesema kweli tupu. Tatizo ni magoti yangu. Nikiyakunja kidogo tu, yanalia kwa! kwa!" Na Ngiri huyo kila siku anakula majani kapiga magoti!

Nyani, fundi wa mji, akajikuna. "Mimi niko tayari. Ila leo si siku nzuri."

"Na kesho?"

"Kesho ndiyo mbaya zaidi."

Fisi naye akasema, "Mimi naunga mkono." Akaunga mkono, kisha akauficha.

Wakampigia Bi Nungu makofi. Pwa! pwa! pwa! Wakaenda zao.

Akabaki na Kalunguyeye. Bi Nungu, macho yamemjaa machozi, akalitazama lile gogo. Kisha akatabasamu tabasamu baya.

"Shoga yangu, umewahi kuona mji huu ukakosa kwenye maziko?"

"Haijatokea," akasema Kalunguyeye. "Ukiumwa huwaoni. Ukifa, hata mwenye homa anatoka kitandani."

"Basi mimi kesho nakufa."

"Yarabi!"

"Nakufa kidogo tu. Kazi yako wewe ni kutangaza."

"Mimi sijui kusema uongo, Bi Nungu."

"Usiseme neno. Lia."

Kulipokucha, Kalunguyeye akasimama mlangoni kwa Bi Nungu. Akamkumbuka mwanawe majini. Kilio kikaja chenyewe. "Uwiiii! Bi Nungu! Uwiiii!" Hakusema uongo hata chembe.

Lo! Mji ukafurika. Ngiri alikuja mbio, magoti yamepona. Akajibwaga chini. "Mama yetu! Laiti ungenituma hata siku moja!"

Bi Nungu alikuwa kalala mkekani, kafunikwa shuka. Akauma ulimi asije akamjibu.

Nyani akauliza, "Tunamzika wapi?"

"Ng'ambo, kwa wazee," wakasema wote.

"Atapitaje?"

Wakakumbuka lile gogo moja.

"Aibu hii!" akafoka Ngiri. "Mwenyekiti mzima tumvushe juu ya gogo moja? Tukimwangusha je? Miji mingine itatucheka! Tujenge daraja, na tujenge leo!"

Wakatoka. Shoka, ko! ko! ko! Kamba, vuta! vuta! Ngiri anachimba kwa pembe, Nyani anafunga juu na chini, anaimba nao wanamwitikia:

Gogo, njoo!
— Njoo!
Mama apite!
— Apite!
Asilowe miguu!
— Asilowe!

Fisi peke yake hakwenda. "Mimi," akasema kwa upole, "nitamlinda marehemu."

Mnamjua Fisi. Akafunga mlango. Akasogea. Akanusa. Nusa, nusa. Akalamba midomo, lwa! Akainua pembe ya shuka polepole.

Bi Nungu hakupumua. Akipiga kelele, daraja limekwisha. Akinyamaza, yeye amekwisha. Akafanya nini? Alisimamisha miiba tu. Chwaa!

"Wooooi!" Fisi akatoka nje kama mshale, miiba imemsimama puani.

"Kuna nini?" wakauliza waliokuwa wakipita na magogo.

Fisi atasema nini? Kwamba alikuwa anamwonja mwenyekiti? "Hakuna kitu," akajibu, kaziba pua kwa mikono, machozi yanamtiririka. "Ni msiba tu. Msiba huu umenichoma, jamani!"

"Maskini, alimpenda sana," wakasema, wakaenda zao.

Alasiri daraja likakamilika. Pana, imara, limenyooka. Wakamlaza Bi Nungu kwenye machela ya matete, wakambeba begani, wakaanza kuvuka kwa huzuni, hatua kwa hatua. Vilio mbele, vilio nyuma. Walipofika katikati, chini pakalia, kwee!

Sauti ikatoka ndani ya shuka: "Nyani, gogo hilo linacheza. Kaza kamba."

"Sawa, mwenyekiti," akajibu Nyani. Akainama kukaza. Halafu akakumbuka.

Mamaaa! Machela chini, puu! Huyu karuka mtoni, yule kapanda mgongo wa mwenzake, Ngiri anakimbia mkia juu, haangalii nyuma. Bi Nungu akakaa kitako, anajipukuta matete.

Waliporudi, walirudi na hasira. "Umetudanganya!" akasema Ngiri. "Nimelia machozi ya kweli!"

"Nimeyasikia, nami nakushukuru," akasema Bi Nungu. "Lakini niliwatuma nikiwa hai. Siku haikuwa nzuri. Nguvu hamkuwa nazo. Zimetoka wapi leo?"

Walitazama miguu yao, na miguu yao ilikuwa imesimama juu ya daraja. Kalunguyeye ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kikamshika Nyani. Kikawashika wote, hata Ngiri akaguna akicheka.

Lakini hawakumwachia hivihivi. Walimtoza faini: awapikie chakula cha matanga. Bi Nungu akapika, wakala wakashiba. Fisi tu hakula, pua ilikuwa imevimba kama kibuyu.

Na tangu siku hiyo, Bi Nungu akipiga chafya tu, chya! mji mzima unatoka na majembe.

"Jamani, ni mafua!"

"Hata kama! Tuambie upesi kazi iko wapi!"

Basi sikilizeni, wadogo kwa wakubwa: anayewahangaikia wote asaidiwe angali hai, maana sifa za kaburini hazimpunguzii mzigo.

Hadithi yangu imetua hapo. Ikiwa tamu, igawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.