Mguu Uliovimba Haujanona

Mguu uliovimba haujanona. Mmeisikia mkacheka, mkadhani wanasemwa ng'ombe. Methali hii ilianza hivi.

Namkunda aliolewa milimani akiwa mwembamba kama ufito. Majirani wakamsengenya mama mkwe wake, Bi Naghenjwa, kuwa kwake watu hawali wakashiba. Basi mimba ilipokua na Namkunda akaanza kujaa miguu na uso, Bi Naghenjwa alitembea kifua mbele.

Mama mzazi wa Namkunda, Nakijwa, alipanda mlima na kikapu cha choroko kumwona mwanawe. Alimkuta amelala mchana, macho yamezama mashavuni.

"Mama, kichwa kinanigonga," alinong'ona. "Na mbele yangu naona vimulimuli, na jua linawaka."

Nakijwa akambonyeza mguu. Kidole kikaacha shimo.

"Mkwe wangu," alisema kwa adabu, "mtoto amevimba. Niruhusu nimpeleke hospitali."

"Amevimba au amenona? Mlituletea ufito, mkwe. Tumeulisha, sasa inakuuma?"

"Sijaja kugombana."

"Basi kunywa uji wako. Uchungu ukianza tutakwenda. Ukimzungusha barabarani sasa, macho ya watu yatammaliza."

Kwa desturi yao, mke hakutolewa nyumbani bila ruhusa ya mama mkwe, na mumewe alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge. Nakijwa aliogopa kuambiwa amevunja ndoa ya mwanawe. Akateremka, kila kona akigeuka nyuma.

Kesho yake akafuatwa. Namkunda alikuwa ameanguka jikoni, mwili mzima ukimtetemeka, ameuma ulimi. Wanaume walimbeba kwa machela. Daktari akasema ni shinikizo la damu, limepandishwa na mimba, na mtoto tumboni alikuwa hapati damu ya kutosha. Wakamtoa kabla ya wakati. Alikuwa mdogo hata khanga ilimmeza. Alivuta pumzi kwa taabu mpaka alasiri, akanyamaza.

Namkunda alizinduka akiuliza mtoto yuko wapi.

Baadaye maji yakamtoka mwilini, miguu ikawa myembamba kama alivyokuja nayo. Bi Naghenjwa akaitazama muda mrefu.

"Nilidhani nimemlisha," alisema.

Nakijwa hakumgombeza. Angemgombeza vipi, naye aliliona lile shimo kwa macho yake akashika njia akarudi kwake? Akavuta shuka, akamfunika mwanawe miguu.

"Mkwe wangu," alisema, "mguu uliovimba haujanona."