Hukumu Iliyogoma Kuhifadhiwa

Mficha uchi hazai. Wako watu wanaoitamka methali hii kwa kunong'ona, kwa kuwa ina neno lisilopendeza kusemwa mbele ya wakwe. Lakini maana yake haina aibu yoyote: mwenye shida akiona haya kuwaeleza wanaoweza kumsaidia, hubaki na haya yake na shida yake, vyote viwili. Mhazili mmoja wa mahakama ya ardhi aliijua methali hii tangu utotoni, ila kuielewa alikuja kuielewa mchana mmoja, jasho likimtiririka.

Mhazili huyo aliitwa Bi Vidole. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akichapa hukumu, kwanza kwa taipureta, kisha kwa kompyuta, na hakuna aliyewahi kumshinda kwa kasi. Kasoro yake ni kwamba aliipokea kompyuta mezani, moyoni hakuipokea. Taipureta haikuwahi kumtaka ahifadhi kitu. Herufi ikishagonga karatasi, imegonga. Basi kila hati aliihifadhi mara mbili tu: akishaandika kichwa cha kesi, na akishaweka nukta ya mwisho.

Tena alikuwa na mazoea mabaya kuliko hayo. Hakimu aliandika hukumu zake kwa mkono, na utaratibu ulitaka rasimu iharibiwe baada ya yeye kutia saini, ili siri isivuje. Bi Vidole hakungoja saini. Kila ukurasa aliomaliza kuuchapa aliuchana papo hapo na kuutumbukiza katika ndoo ya maji chini ya meza.

"Mimi sirudii kazi," alipenda kutamba, akimtupia jicho Mama Pacha, karani wa masjala wa meza ya pili, ambaye alisomea kompyuta ukubwani na kuhifadhi kazi yake kila baada ya aya. "Wewe mwenzangu unahifadhi hadi chafya!"

Mama Pacha alicheka tu, akaendelea kuhifadhi.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya hakimu katika kituo kile; kesho yake alfajiri angesafiri kwenda kituo kipya. Ilibaki hukumu moja, ya mjane aliyeshtakiwa na shemeji zake ili atoke katika nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe. Kesi ilikuwa imekula miaka sita. Isiposomwa siku hiyo saa nane mchana, ingeanza upya mbele ya hakimu mwingine.

Bi Vidole alianza kazi saa mbili asubuhi. Aliandika kichwa cha kesi, akahifadhi katika flashi ya hakimu, maana hukumu hazikuruhusiwa kukaa kwenye kompyuta kabla ya kusomwa. Punde hakimu akaja akiihitaji flashi ile kwa barua ya uhamisho. Bi Vidole akaichomoa bila kuifunga hati. Iliporudi akaichomeka tena, akachapa, akachana, akachapa, akachana, hadi ukurasa wa thelathini na moja.

Saa sita na nusu akabonyeza kuhifadhi. Maneno yakajitokeza kwenye kioo: hati haiwezi kuhifadhiwa. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba kompyuta ilikuwa na uziwi. Jibu likawa lile lile. Akachungulia chini ya meza. Rasimu yote ilikuwa imekwisha kuwa uji.

Hakimu akachungulia mlangoni. "Bi Vidole, tumefika wapi?"

"Namalizia, Mheshimiwa. Bado kupangapanga tu."

"Kwema huko?" Mama Pacha akauliza, kwa kuwa sauti ya mwenzake ilikuwa imepwaya.

"Kwema. Kwani vipi?" Bi Vidole akakigeuza kioo upande wa ukuta.

Mchana ule aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa kufukuzwa. Aliichomoa flashi, akaipuliza, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha. Wapi! Akakumbuka kwamba kompyuta ya nyumbani ikileta ukaidi, mumewe huizima akaiwasha, nayo hupona. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzimia.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni. Alikuwa yule mjane, ameshika viatu mkononi kwa uchovu.

"Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Samahani, nauliza tu. Ni leo kweli? Maana hiyo leo nimeahidiwa mara nyingi."

Bi Vidole alijua ukurasa wa mwisho ulisema nini. Aibu yake na nyumba ya mama huyu, kipi kizito? Akakiondoa kidole.

"Ni leo, mama. Kaa hapo kwenye benchi."

Mjane alipotoka, akageuka. "Mama Pacha, si kwema. Hati imekataa kuhifadhiwa, na rasimu nimeichana yote. Nilitaka nizime niwashe."

Mama Pacha aliruka kitini. "Usiguse! Ukizima umeizika!" Akakivuta kioo. "Flashi uliichomoa hati ikiwa wazi?"

"Asubuhi. Mheshimiwa aliitaka."

"Hapo ndipo hati na flashi zilipokosana. Inatafuta pale ilipozoea, haipaoni. Maneno yako yapo, dada, ila yananing'inia. Tuyahamishe kabla umeme haujakatika."

Akajaribu kuihifadhi ndani ya kompyuta kwa jina jipya. Ikakataa. Bi Vidole akaziba mdomo kwa viganja viwili. Mama Pacha hakubabaika. Aliyachagua maandishi yote, akayanakili, akafungua hati mpya tupu, akayabandika. Kurasa zikaanza kushuka, moja, tano, kumi na tisa. Akabonyeza kuhifadhi. Kimya.

"Mbona haisemi kitu?"

"Ikinyamaza ndiyo imekubali."

Akaifunga hati, akaifungua tena ili mwenzake aamini kwa macho yake. Yote yalikuwapo. Bi Vidole akacheka na kulia kwa pamoja, akimkumbatia yule aliyemdhihaki miaka nenda rudi.

"Haya, futa kamasi uchapishe," Mama Pacha akasema. "Chafya zako nitahifadhi mimi."

Hakimu alipopokea nakala, alinyoosha mkono tena. "Na rasimu, nilinganishe."

Safari hii Bi Vidole hakupangapanga. "Mheshimiwa, rasimu niliichana kabla hujatia saini, na hati nusura ipotee. Nilipokwambia namalizia, nilikuongopea. Aliyeiokoa ni Mama Pacha."

Hakimu akatoa miwani mfukoni. "Ungeniambia saa ile, ningekukaripia. Ungeniambia kesho, ningekuwa njiani, na mama yule angeanza upya." Akavaa miwani, akaisoma hukumu yake neno kwa neno, akasahihisha mawili, akatia saini zikiwa zimebaki dakika tano.

Saa nane hukumu ilisomwa. Nyumba ni ya mjane. Mama wa watu alitoka ukumbini akakaa tena kwenye benchi. "Kumbe leo nalala kwangu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote, na machozi yakamtoka. Bi Vidole aliegemea ukuta wa ujia akamtazama, akashusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu saa sita na nusu.

Mjane hakujua kamwe jinsi hukumu yake ilivyoponea chupuchupu. Anayejua ni Bi Vidole, na siku hizi akiulizwa "Kwema?" wakati si kwema, hujibu pale pale kuwa si kwema, maana mficha uchi hazai.